Kuinua Land Rover Kuukuu: Kinachopanda na Kisichopanda



Abiria wa siku ya soko huanza safari kabla jua halijachomoza upande wa Kitale. Magunia ya viazi na mahindi hupangwa chini, watu hukaa juu yake, kuku hufungwa miguu na kuwekwa pembeni, kisha Land Rover ambayo mara nyingi ina umri mkubwa kuliko dereva wake huanza kuipanda miteremko ya Mlima Elgon kuelekea Bukwo na vijiji vilivyo juu zaidi. Tunayafahamu magari haya na tunayaheshimu. Yamewafikisha wajawazito hospitali usiku wa mvua, nasi askari yametunasua matopeni zaidi ya mara moja.

Hata hivyo, siku hizi tunakutana na mengi ambayo yameinuliwa, mengine kwa kiasi ambacho mama mwenye mtoto mgongoni hawezi kupanda bila kuvutwa mkono. Wenye magari hutuuliza kwa nini askari wa usalama barabarani wanawasimamisha. Abiria nao hutuuliza kama gari la namna hiyo ni salama. Makala hii inawajibu wote wawili, na itatulazimu kuingia chini ya gari kidogo.

Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani mjini Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Ilikuwa fupi, inchi 80 tu kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Baadaye zikaja zile ambazo wazee wetu huzitaja kwa namba zake: 88 iliyo fupi na 109 iliyo ndefu. Muundo huo wa zamani, wenye springi za mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine, uliendelea kuundwa hadi mwaka 1985. Maana yake ni kwamba hata iliyo changa kuliko zote sasa imetimiza miaka arobaini. Bodi yake ni ya aluminiamu, haili kutu kwa urahisi, kwa hiyo gari huonekana zima. Chesisi yake lakini ni ya chuma, yenye uwazi ndani kama mrija wa pembe nne, na kutu huila kutoka ndani ambako jicho halifiki. Tunaomba jambo hili likumbukwe, kwa sababu tutalirudia.

Sababu ya kutaka kuinua gari inaeleweka. Udongo wa mlima huu ni wa volkeno, mwekundu, unaoteleza kama sabuni mvua ikinyesha. Malori na matrekta hupita na kuacha mifereji miwili mirefu yenye tuta katikati. Land Rover ikiingia humo, magurudumu huzama katika mifereji na tumbo la gari hukalia tuta. Kinachogusa kwanza ni difu, lile bonge la mviringo katika ekseli ambamo gia hugawa nguvu kwa magurudumu mawili. Difu ikishakalia tuta, magurudumu huzunguka bure, na kila mtu hushuka kusukuma.

Hapa ndipo kosa kubwa linapoanzia, na tungependa msomaji atulie nalo. Springi ziko kati ya ekseli na chesisi. Ukiinua gari kwa springi, kinachopanda ni kile kilicho juu ya springi tu: chesisi, bodi, injini, abiria na mizigo yao. Ekseli haipandi, kwa kuwa imeshikwa na magurudumu, na magurudumu yako ardhini. Difu nayo hubaki palepale ilipokuwa. Mwenye gari anaweza kulipa fedha nyingi, gari likapanda sentimita 15, watoto wakalishangilia kijijini, na bado likakwama juu ya tuta lilelile kwa difu ileile. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, na hata hilo huinua kwa nusu tu ya ongezeko la kipenyo.

Mfano uko ndani ya ukoo wa magari haya yenyewe. Land Rover 88 ilitoka kiwandani na matairi ya 6.00-16, na 109 ilitoka na matairi ya 7.50-16. Tairi kubwa linazidi dogo kwa takriban sentimita 8 za kipenyo, hivyo difu hupata kama sentimita 4 za nafasi. Ni kidogo machoni, lakini katika tope ni sentimita za kweli, tofauti na zile 15 za springi ambazo difu haizioni. Gharama yake ipo pia. Usukani huwa mzito, breki hufanya kazi zaidi, na spidomita ambayo haikurekebishwa hudanganya: ikisoma 60, gari kwa hakika linakwenda kama 66. Dereva aliyesimamishwa kwa mwendo wa kasi akaapa kwamba mshale ulikuwa mahali pake, huenda anasema kweli. Kosa hubaki kuwa lake, lakini angalau sasa anajua mshale umepotoshwa na nini.

Je, kinachopanda kikipanda, kuna ubaya gani? Kila gari lina kitovu cha uzito, yaani mahali ambapo uzito wake wote ni kama umekusanyika. Gari halipinduki maadamu mstari unaoshuka wima kutoka kitovu hicho unaangukia kati ya magurudumu ya kushoto na ya kulia. Land Rover kuukuu ni nyembamba: kutoka katikati ya tairi la kushoto hadi katikati ya tairi la kulia ni takriban mita 1.3 tu. Tuchukue mfano wa hesabu. Kitovu kikiwa sentimita 75 juu ya ardhi, gari hupinduka likiinamishwa ubavu kwa nyuzi kama 41. Kiinuliwe sentimita 15, nyuzi hushuka hadi 36 hivi. Ongeza magunia na watu juu ya paa, kitovu kifike sentimita 105, nyuzi hubaki kama 32. Hiyo ni hesabu ya gari lililosimama, lenye springi ngumu kama jiwe. Gari halisi huegemea springi zake, tairi hubonyea, gurudumu moja huingia shimoni, na nyuzi hizo hupungua tena kabla dereva hajajua.

Katika njia ya tope mambo haya hayaonekani sana, kwa sababu gari hutembea kwa mwendo wa mtu na dereva huhisi kila linapoinama. Lakini njia zetu zimebadilika. Barabara ya Kapchorwa hadi Suam, kilomita 73, ambayo msimu wa mvua iliwalazimu watu wa Bukwo kuzungukia upande wa Kenya ili wafike makao makuu ya jirani zao, sasa imewekwa lami. Ni neema kubwa. Lakini gari lililoinuliwa kwa ajili ya tope halikushushwa lami ilipofika. Dereva yuleyule, aliyezoea kuteremka mlimani kwa gia ya kwanza, sasa anateremka kwa gia ya nne, na kona za mlima ni zilezile.

Kuna gari moja tulilolikuta limelala ubavu kwenye kona ya mteremko, mchana mkavu, bila gari jingine karibu. Alama za tairi hazikuonyesha mwendo wa wazimu. Dereva alituambia, na tulimwamini, kwamba alikata kona kama alivyoikata siku zote. Kilichobadilika ni kwamba springi zilikuwa zimehamishwa wiki mbili kabla, na siku hiyo vijana sita walikuwa wamekaa juu ya paa kwa kuwa ndani palikuwa na magunia. Hakuna aliyefariki. Kijana mmoja alipoteza mguu, na hadi leo familia yake na ya mwenye gari, ambazo ni ndugu kwa upande wa mama, hazizungumzi. Sehemu ya kazi yetu katika ofisi ya uhusiano na jamii ni kukaa na familia hizo mbili chini ya mti mmoja, na kwa kweli tungependelea kukaa na mwenye gari kabla hajaenda kwa fundi.

Tuseme basi ni njia zipi mafundi hutumia, na tunavyoziona.

Njia ya kwanza, na iliyo hatari kupita zote, ni kuhamisha springi kutoka chini ya ekseli kwenda juu yake. Katika Land Rover hizi, kama ilivyo katika Toyota Land Cruiser za zamani za aina ya FJ40, kiwanda kiliweka springi zipite chini ya ekseli. Fundi akizihamishia juu, gari huruka zaidi ya sentimita 10 kwa siku moja na bila kununua springi mpya. Ndiyo maana njia hii hupendwa. Lakini kila kilichofungwa kwenye ekseli kilipimwa kwa kimo cha awali. Fito za usukani hukaa mshazari, hivyo gurudumu likiruka juu ya jiwe usukani hujigeuza wenyewe mkononi. Propela shafti hupinda kwenye viungo vyake na kuvila kwa haraka. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu, ekseli hujaribu kuzunguka na springi hujikunja kama nyoka. Kazi hii inawezekana kufanywa vizuri, na wapo duniani wanaoifanya vizuri, lakini humaanisha kutengeneza upya usukani, propela na breki. Haimalizwi kwa kuchomelea vikalio vipya alasiri moja chini ya mwembe.

Njia ya pili ni kurefusha vile viungo vinavyoning'iniza ncha moja ya springi kwenye chesisi. Vipande virefu vya chuma hukatwa, vikatobolewa, vikafungwa. Watu hudhani kiungo kikiongezwa sentimita 10 gari litapanda 10; kwa kuwa kimeinua ncha moja tu, gari hupanda kama 5. Zaidi ya hapo, ekseli ya mbele huzungushwa kidogo, na pembe iliyowekwa na kiwanda ili usukani urudi katikati baada ya kona huharibika. Gari huanza kuyumba barabarani kama mtu aliyetoka kilabuni. Mara nyingi tumelisimamisha gari tukidhani dereva amelewa, kumbe aliyelewa ni ekseli.

Njia ya tatu ni kuongeza mabamba ya springi ya lori. Gari hupanda, lakini huwa gumu. Springi isiyobonyea haiwezi kufuata mashimo, na gurudumu huning'inia hewani pale ambapo lingeishika ardhi. Kwa hiyo gari lililoinuliwa ili lisikwame hukwama zaidi. Na mishtuko yote ambayo springi ilikataa kuimeza huenda kwenye chesisi ile ya miaka arobaini au sitini, yenye kutu ndani.

Wapo pia wanaotaka kuweka kipande cha chuma kati ya ekseli na springi, kama walivyoona kwenye pickup. Kwenye pickup nyingi springi za nyuma hukaa juu ya ekseli, na kipande hicho huinua kweli. Kwenye Land Rover kuukuu, ambayo springi ziko chini, kitaishusha. Fundi anayekuahidi kuinua Land Rover yako kwa njia hiyo hajawahi kulala chini yake.

Sasa tuseme lililo jema. Mara nyingi gari halihitaji kuinuliwa. Linahitaji kurudishiwa kimo chake. Springi iliyobeba viazi kwa miaka mingi huchoka na kunyooka, na sentimita kadhaa hupotea bila mtu kuona. Springi mpya za kipimo cha kiwanda, au za zamani zilizokunjwa upya na fundi wa springi mwenye tanuri na ujuzi wa kuikausha chuma, huzirudisha sentimita hizo bila kuharibu pembe yoyote. Kuchomelea bamba la springi lililokatika hakufai kabisa, kwa maana moto wa kuchomelea huiondolea chuma nguvu yake na bamba hukatika tena kando ya kidonda. Fundi aangalie pia kwamba springi za kulia na za kushoto si sawa: upande wa dereva, ambako tangi la mafuta hukaa, kiwanda kiliweka iliyo imara zaidi. Zikibadilishana, gari huinama upande mmoja na mwenyewe hudhani chesisi imepinda.

Bolti zinazopita kwenye bushi za springi zikazwe gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, si likiwa limening'inizwa kwa jeki. Zikikazwa likiwa hewani, mpira wa bushi hujikunja gari linaposhushwa, na baada ya miezi michache hupasuka. Ni jambo dogo ambalo mafundi wengi hulipuuza, na huwagharimu wateja wao.

Baada ya hapo, anayehitaji zaidi avae matairi ya 7.50-16 katika gari lililo na breki nzima. Na kama bado haitoshi, springi zenye mkunjo zaidi kidogo, za kuongeza sentimita 5 hivi, zinavumilika, mradi ziandamane na shokapu ndefu zaidi na mipira mirefu zaidi ya breki. Kuzidi hapo hatumshauri mtu anayebeba abiria. Dereva mwenye minyororo ya matairi, koleo, na akili ya kupunguza upepo kidogo kabla ya tope na kuujaza tena kabla ya lami, huwapita wengi wenye magari marefu. Hili wazee waliovusha kahawa ya magendo kuelekea Chepkube miaka ya sabini walilijua vizuri, ingawa si kila walichokijua tunapenda kukisifu katika jarida hili.

Ipo mipimo ambayo mwenye gari anaweza kuifanya bila fundi. Inua chesisi kwa jeki imara, ukiweka vishikizo vya chuma chini yake, mpaka magurudumu ya mbele yaning'inie. Geuza usukani mpaka mwisho wa kushoto, kisha mpaka mwisho wa kulia, huku mwenzako akitazama mpira wa breki wa kila gurudumu. Ukiwa umevutika kama uzi wa kitara cha mtoto, siku moja gurudumu litaanguka shimoni na mpira huo utakatika. Katika magari haya ya zamani, ambayo breki zote nne aghalabu hulishwa na mfumo mmoja wa mafuta, mpira mmoja ukikatika hukosi breki ya gurudumu hilo peke yake: zote nne hupotea. Kisha chukua nyundo ndogo ugonge chesisi karibu na mahali springi zinapofungwa. Chuma kizima hulia. Kilicholiwa hutoa sauti ya kibuyu kilichopasuka. Bolti zenye umbo la U zinazoshika ekseli zikazwe tena baada ya kilomita 100 hivi tangu kazi ifanyike. Na usiku, simamisha gari mbele ya ukuta na uzishushe taa, kwa sababu boneti iliyopanda huelekeza mwanga machoni mwa anayekuja, naye mara nyingi ni mwendesha boda boda asiye na pa kukwepea. Boneti hiyohiyo humficha mtoto anayepita mbele ya gari. Msaidizi ashuke na atazame kabla gari halijaondoka sokoni.

Tumebakiwa na swali la kwa nini tunawasimamisha. Sababu ya kwanza ni hizi tulizozieleza. Ya pili tunaisema wazi, kwa kuwa ujirani haujengwi kwa kufichana. Anayetaka kuvusha shehena kupitia njia za panya huongeza mabamba ya springi za nyuma ili gari lililojaa lisionekane limekalia mkia. Askari akiona nyuma pamepanda na mbele pameshuka, ana sababu ya kutazama ndani. Hatumaanishi kwamba kila mwenye gari refu ni mfanya magendo. Wengi ni wakulima wenye springi mpya. Ukaguzi wa namna hiyo usizidi muda wa kutazama, ufanywe kwa heshima, na askari ataje jina lake akiulizwa. Asipofanya hivyo, mlango wa ofisi yetu uko wazi kupokea malalamiko, na malalamiko hayo huandikwa kitabuni.

Kuhusu karatasi: mabadiliko makubwa ya gari yajulishwe kwa kampuni ya bima kabla ajali haijatokea. Bima inaweza kukataa kulipia gari ambalo si lile lililoelezwa katika mkataba. Kadi ya Manjano ya COMESA, ambayo wengi wenu mnaikata ili mvuke kwenda upande wa pili, hurefusha bima yenu ya nyumbani hadi nchi nyingine. Ile ya nyumbani ikiwa na dosari, msitegemee kadi iizibe. Sheria za Uganda na za Kenya zote zinakataza gari lenye hitilafu ya hatari kutumika barabarani, hivyo gari lililopita upande mmoja wa daraja la Suam linaweza kuzuiwa upande wa pili kwa sababu ileile.

Mwenye gari anayefikiria kuinua lake, au aliyekwisha kuliinua na sasa ana shaka, alilete kituoni siku isiyo ya soko, likiwa tupu, pamoja na fundi wake ikiwezekana. Tutaomba mkaguzi wa magari alitazame kwa ushauri tu. Gari lililoletwa kwa hiari halitaandikiwa kosa siku hiyo, lakini likionekana si salama halitabeba abiria mpaka litengenezwe. Mje na jeki yenu, kwa sababu ya kituo ni moja, na asubuhi nyingi iko chini ya gari letu wenyewe.